Sindano za sumu ya botulinamu kwa shingo inayojipinda: mara tatu zimefaa, ya nne imegoma. Kwa nini?

#1. MwanaPangani (Tanga)

Salaam, wadau. Mama yangu ni mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 61, na huu ni mwaka wa nne kichwa chake kinageukia kushoto bila yeye kutaka. Shingo haikuganda: ukimwita kutoka upande wa kulia atageuka na kukutazama, ila akiacha kujikaza tu, kichwa kinarejea kushoto, na nyakati nyingine hutikisika kama cha mtu anayekataa jambo. Maumivu huanzia nyuma ya sikio yakashuka mpaka begani. Akipitiwa na usingizi, yote hutulia.

Kwa miaka miwili ya mwanzo tuliambiwa mengi, kuanzia baridi yabisi hadi mto mbaya, mpaka daktari bingwa wa mishipa ya fahamu jijini Dar es Salaam alipotueleza kwamba ni distonia ya shingo, yaani misuli ya shingo kujikaza yenyewe bila mtu kutaka, na akamchoma sindano za sumu ya botulinamu. Awamu tatu za kwanza zilimfaa sana. Kila mara nafuu ilianza ndani ya wiki ya kwanza, ikakolea kufikia wiki ya nne, na mama akaweza tena kumaliza swala kwa kutoa salamu upande wa kulia bila kushika kidevu, jambo lililomliza siku ya kwanza alipoliweza. Awamu ya nne ilifanywa wiki sita zilizopita na daktari mwingine, na sijaona tofauti hata ndogo. Nawaomba wenye ujuzi na waliopitia haya: kwa nini dawa ileile ifanye kazi mara tatu kisha igome?

#2. Mtafutaji88 (Dodoma)

Pole, mkuu. Kabla ya kuuliza habari za sindano, je, mna hakika na ugonjwa wenyewe? Jirani yetu shingo yake ilipinda tukadhani ni mishipa, kumbe ilikuwa kifua kikuu cha mifupa ya shingo, na aliyelibaini hilo ni mpiga picha wa hospitali. Mama amepigwa picha?

#3. BintiKisauni (Mombasa)

Pole sana, ndugu MwanaPangani, na umfikishie mama salamu zangu. Mimi huu ni mwaka wa tisa na maradhi haya, ila kichwa changu hulalia bega la kulia badala ya kugeuka. Umeandika kwamba mama hushika kidevu. Mimi huweka vidole viwili shavuni na kichwa kikanyooka, tena bila kukisukuma, kana kwamba ubongo umekumbushwa tu katikati ni wapi. Alama hiyo ndiyo iliyomfanya daktari wangu aache kunihoji kuhusu mawazo na ndoa yangu, kwa sababu ni maradhi machache mno yanayotulizwa kwa kuguswa namna ile. Mtafutaji88, nadhani hilo linajibu sehemu ya swali lako, ingawa picha nami nilipigwa, na naona ni haki ya kila mgonjwa kupigwa mara moja mwanzoni.

Sasa nirudi kwa mleta mada. Umesema "dawa ileile". Je, ulikiona kichupa? Nakuomba uangalie kadi ya mama utuambie jina la dawa, idadi ya uniti, na misuli iliyochomwa kila awamu. Bila hayo tutakuwa tunapapasa gizani.

#4. MwanaPangani (Tanga)

Asanteni. Picha ya shingo alipigwa mwaka wa pili, na hakukuonekana tatizo la mifupa zaidi ya uchakavu wa umri.

Nimeitazama kadi. Awamu tatu za kwanza: Dysport, uniti 500, msuli mrefu wa mbele ya shingo upande wa kulia pamoja na msuli wa nyuma upande wa kushoto. Awamu ya nne: Botox, uniti 200, msuli wa mbele wa kulia na ule mpana unaoshuka begani. Kwa kweli sikujua kama dawa imebadilishwa mpaka dada alipouliza.

#5. MzeeKariakoo (Dar es Salaam)

Jibu umejipa mwenyewe, kijana. Kutoka uniti 500 hadi 200 ni chini ya nusu. Mama amepunjwa, na nyinyi mmelipa fedha kamili.

#6. MfamasiaMoro (Morogoro)

Shikamoo, mzee, lakini hapo sikubaliani nawe, na ni vyema tulirekebishe mapema kabla halijasambaa. Uniti za dawa hizi si kama gramu za sukari. Kila mtengenezaji huipima nguvu ya sumu yake kwa njia ya maabara yake, kwa hiyo uniti moja ya Botox si sawa na uniti moja ya Dysport, na karatasi za dawa zote mbili zinaonya waziwazi kwamba haziwezi kubadilishwa kwa hesabu ya moja kwa moja. Kwa Dysport, dozi ya kuanzia ya distonia ya shingo ni uniti 500. Kwa Botox, katika utafiti uliotumika kuiidhinisha kwa shingo huko Marekani, wastani ulikuwa karibu na uniti 236. Xeomin, dawa nyingine ya aina hii, huanza na 120. Madaktari wengi wanapolazimika kukadiria huchukua uniti moja ya Botox kuwa sawa na mbili na nusu au tatu za Dysport, na kwa kipimo hicho uniti 200 alizochomwa mama zinakaribiana kabisa na zile 500.

Kwa hiyo siwezi kusema amepunjwa. Ninachoweza kusema ni kwamba dawa imebadilishwa, na familia haikuelezwa.

#7. MzeeKariakoo (Dar es Salaam)

Marahaba. Nimeelewa, na neno "kupunjwa" naliondoa. Lakini nisaidieni jingine: huyu mama anachomwa sumu. Ni sumu ya nyoka, au ni ya nini? Na inawezekanaje sumu iwe tiba ya mtu mzima na akili zake?

#8. TabibuKanda (Mwanza)

Si ya nyoka, mzee. Hutolewa na bakteria aitwaye Clostridium botulinum, anayeishi udongoni na kustawi mahali pasipo na hewa, kama ndani ya mkebe wa chakula uliofungwa vibaya. Mwanzoni mwa karne ya 19, daktari wa Ujerumani Justinus Kerner, ambaye pia alikuwa mshairi, alieleza kwa kina watu waliolegea misuli na kufa baada ya kula soseji zilizoharibika; ndiyo maana jina limetokana na neno la Kilatini la soseji. Mwaka 1895, wanamuziki wa kijiji kimoja cha Ubelgiji waliugua baada ya kula paja la nguruwe, na Émile van Ermengem akampata bakteria mwenyewe. Aliyeigeuza kuwa tiba ni daktari wa macho wa San Francisco, Alan Scott, ambaye mwaka 1980 alichapisha matokeo ya kuichoma kwenye misuli ya macho yenye makengeza. Mwaka 1986, kundi la Tsui huko Vancouver lilionyesha kwa jaribio la kulinganisha na sindano bandia kwamba inasaidia shingo iliyopinda. Marekani iliiidhinisha kwa macho mwaka 1989 na kwa shingo mwaka 2000.

Kuhusu namna inavyofanya kazi, nitumie ndugu yake tunayemjua sote, yaani pepopunda. Bakteria wa pepopunda ni wa ukoo huohuo, naye huishi udongoni. Sumu yake hupanda na neva mpaka kwenye uti wa mgongo, ikazifunga zile neva ambazo kazi yake ni kuizuia misuli isijikaze, ndipo mwili mzima hukakamaa. Sumu ya botulinamu haipandi hivyo. Hubaki kwenye ncha ya neva pale inapogusana na msuli, ikakata protini inayoiwezesha neva kuachia kemikali ya asetilikolini. Amri inatoka kichwani kama kawaida, lakini haiufikii msuli, nao hulegea. Ndugu wawili, mmoja hukaza na mwingine hulegeza. Baada ya miezi mitatu hivi neva hujirekebisha na msuli hurudia mkao wake, na ndiyo sababu sindano hurudiwa. Ugonjwa wenyewe uko kwenye mitandao ya ubongo inayoongoza misuli, na sindano haiugusi. Huituliza misuli tu.

#9. Omwami_K (Kakamega)

Mada ni nzuri. TabibuKanda, je, ni sumu hiyohiyo iliyowahi kuwapata watu waliokula kumbikumbi? Wazee wetu hutukataza kuwafungia kumbikumbi kwenye mfuko wa plastiki kwa muda mrefu.

#10. TabibuKanda (Mwanza)

Ndiyo hiyohiyo. Mwaka 1980 jarida la kitabibu la Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha taarifa ya mlipuko wa sumu ya botulinamu nchini Kenya uliotokana na kula kumbikumbi. Wazee wako wana hoja. Ongeza na hili kwa wenye watoto: mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asilambishwe asali, kwa kuwa inaweza kubeba mbegu za bakteria huyu, na utumbo wake haujaweza kuzishinda.

#11. BintiKisauni (Mombasa)

Ahsante kwa elimu, lakini kumbikumbi wasitupoteze njia. Yuko mama mwenye maumivu ya wiki sita.

#12. MswahiliLeicester (Uingereza)

Mimi huchomwa hapa Uingereza tangu mwaka 2012, kila baada ya wiki 12, na kliniki haikubali kupunguza muda huo hata nikilalamika. Nilipouliza sababu, niliambiwa kwamba sumu hii ni protini, na mwili ukikutana nayo mara kwa mara na kwa dozi kubwa unaweza kutengeneza kingamwili za kuizima kabla haijafika kwenye neva. Hali hiyo huwapata wachache, lakini ikitokea, dawa hugoma kwa namna hasa aliyoieleza mleta mada: ilikuwa ikifanya kazi, kisha ikaacha. Zamani lilikuwa tatizo kubwa zaidi. Ndani ya kichupa cha Botox cha uniti 100 mlikuwa na protini ya takriban nanogramu 25, na mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaletwa ile yenye nanogramu 5 hivi, na visa vya kingamwili vikapungua sana.

MwanaPangani, kati ya awamu ya tatu na ya nne zilipita wiki ngapi?

#13. MwanaPangani (Tanga)

Wiki tisa. Awamu za kabla yake zilipishana wiki 14 na 16. Mama alikuwa akisafiri kwenda kwenye harusi ya mjukuu, akaomba awahishiwe, na yule daktari wa pili akakubali.

#14. MswahiliLeicester (Uingereza)

Basi mimi naelekeza kidole kwenye kingamwili. Na kama ndizo, kubadilisha jina la dawa hakutasaidia, kwa kuwa Botox, Dysport na Xeomin zote ni sumu ya aina A. Ingebidi aina B, inayouzwa Marekani kwa jina la Myobloc, ambayo hukata protini tofauti, ingawa wengi huilalamikia kwa kukausha kinywa.

#15. TabibuKanda (Mwanza)

Naiheshimu hoja hiyo, lakini sindano nne ni chache mno kwa kingamwili kuwa mshukiwa wa kwanza. Wiki tisa ni kosa, nakubali. Hata hivyo kosa moja halitoshi kuhukumu.

Na kwa kuwa nimetaja pepopunda, nimeulizwa faraghani kama chanjo ya pepopunda aliyowahi kuchomwa mama inaweza kuizima sumu hii. Haiwezi. Ni ndugu, lakini kinga ya mmoja haimgusi mwenzake.

#16. FiziaArusha (Arusha)

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na katika kadi ile naona jambo ambalo wote mmelipita. Kichwa kikigeukia kushoto, wakosaji wa kawaida ni wawili: msuli mrefu wa mbele upande wa kulia, ule unaotokea nyuma ya sikio hadi kwenye mfupa wa kifua, na msuli wa nyuma wa upande wa kushoto ulio chini ya ule mpana. Watu wengi hudhani kwamba kichwa kikienda kushoto misuli yote mibaya iko kushoto, na sivyo. Daktari wa kwanza alichoma yote miwili. Wa pili alichoma ule wa mbele, akaacha wa nyuma wa kushoto, na badala yake akachoma ule mpana wa begani, pengine kwa sababu ndiko mama alikolalamikia maumivu. Uniti zinaweza kuwa sawa na dawa ikawa nzima kabisa, lakini ukimpiga asiyekosa, mkosaji ataendelea.

Kuna la pili. Mkao wa distonia huweza kuhama mwaka hadi mwaka. Shingo iliyokuwa ikigeuka tu inaweza kuanza pia kuinama au kulala upande, na misuli ya ndani kabisa ikaingia kazini. Ndiyo maana baadhi ya madaktari hutumia kipimo cha umeme wa misuli au altrasaundi wakati wa kuchoma, badala ya kutegemea vidole peke yake. Je, mama alichomwa kwa kipimo chochote?

#17. MwanaPangani (Tanga)

Wa kwanza alitumia mashine iliyokuwa ikitoa sauti kama redio isiyoshika stesheni, na kila mama alipojikaza sauti iliongezeka. Wa pili alitumia vidole.

#18. FiziaArusha (Arusha)

Sauti hiyo ni ya umeme wa misuli. Basi nimeridhika na hoja yangu.

#19. NahodhaMaskati (Oman)

Asalaam aleikum. Msiridhike upesi. Mdogo wangu hapa Maskati shingo na taya vilimkaza ghafla usiku mmoja tukadhani ni kifo, kumbe alikuwa amepewa metoklopramidi kwa ajili ya kutapika. Alichomwa dawa ya kuizima akatulia ndani ya saa moja. Dawa za kichefuchefu za namna hiyo, na za maradhi ya akili kama haloperidoli, zinaweza kuleta mkazo wa shingo au kuuzidisha ule uliopo. Muulizeni mama kama ameanza dawa yoyote mpya tangu awamu ya tatu.

#20. MwanaPangani (Tanga)

Wa aleikum salaam. Nimemuuliza, na jibu limenishtua. Kwa miezi miwili sasa hunywa vidonge vya tumbo alivyoshauriwa na jirani kwa ajili ya kiungulia na kichefuchefu. Nimesoma pakiti: metoklopramidi.

#21. MfamasiaMoro (Morogoro)

Ndugu, hilo mpelekee daktari wiki hii, lisingoje miadi. Dawa hiyo haifai kuendelea kunywewa kwa miezi na mtu mwenye umri wa mama, tena mwenye distonia, bila daktari kujua. Na mkumbuke hili kwa siku zijazo: mtu aliyechomwa botulinamu amwambie kila mhudumu wa afya, kwa kuwa hata antibiotiki kama gentamisini zinaweza kuongeza ulegevu wa misuli.

Nami nina swali ambalo nimelichelewesha. Kichupa cha Botox mlikipata wapi, na kilisafiri vipi?

#22. MwanaPangani (Tanga)

Tuliambiwa hospitalini hapo hakipo, tukanunua kwenye duka la dawa Dar es Salaam. Mdogo wangu alikileta Tanga kwa basi ndani ya chupa ya chai yenye barafu. Njiani basi liliharibika, akafika usiku. Barafu ilikuwa imeyeyuka, lakini maji yalikuwa bado ya baridi.

#23. MfamasiaMoro (Morogoro)

Hicho ndicho nilichokihofia. Kichupa cha Botox hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi tangu kiwandani hadi kwa mgonjwa, na kikishachanganywa na maji ya chumvi kitumike ndani ya saa 24. Xeomin ambacho hakijafunguliwa huvumilia joto la kawaida la chumba hadi nyuzi 25, ambazo kwa pwani yetu ni joto la alfajiri tu. Wahudumu wa chanjo wana neno lao, mnyororo baridi, na kila pete ya mnyororo ule ina mtu anayewajibika na kipimajoto. Chupa ya chai ndani ya basi haina kipimajoto. Simlaumu mdogo wako, alifanya alichoweza. Ila dawa ya namna hii familia haistahili kuachiwa iibebe yenyewe.

Tena mlihifadhi kisanduku? Kuna botulinamu bandia sokoni. Mwaka 2024 mamlaka za Marekani zilitoa onyo baada ya watu kulazwa kutokana na Botox bandia. Linganisheni namba ya toleo iliyo kwenye kichupa na ile ya kwenye kisanduku.

#24. MzeeKariakoo (Dar es Salaam)

Sasa tuna dawa iliyobadilishwa, muda uliofupishwa, msuli uliorukwa, vidonge vya jirani, na barafu iliyoyeyuka. Nilipoandika neno langu moja kule juu nilidhani nimemaliza uzi.

#25. Shangazi_Wete (Pemba)

Wanangu, nimewasoma wote na mmenifunza. Mimi kwa umri wangu nimewaona watu watatu wa shingo hii, na wote watatu ziliulizwa kwanza habari za shetani wa pwani kabla ya hospitali. Mmoja alifungiwa ndani miaka mingi kwa aibu. Nauliza kwa nia njema: madaktari wana hakika gani kwamba si hayo?

#26. BintiKisauni (Mombasa)

Shikamoo, shangazi. Nakujibu kwa heshima na kwa yaliyonipata mwenyewe. Nilisomewa kisomo kwa siku saba, na sijuti, kwa sababu moyo wangu ulitulia na mama yangu mzazi alipata usingizi. Shingo haikugeuka. Nilipochomwa sindano, baada ya siku sita niliamka nikaona dari moja kwa moja. Nami nisingependa tudhani kwamba ni sisi tu tuliowadhania vibaya wagonjwa hawa. Huko Paris, mwishoni mwa karne ya 19, daktari Brissaud aliuita ugonjwa huu shingo ya akili, na kwa miaka mingi baadaye wagonjwa wa Ulaya walitibiwa kana kwamba waliuzua wenyewe. Neno distonia lenyewe lilitoka kwa Oppenheim wa Berlin mwaka 1911, naye aliamini kwamba chanzo kiko ndani ya mwili. Huyo aliyefungiwa ndani, shangazi, angeweza kuwa mimi.

Niseme pia upande mbaya wa sindano, maana tumezisifu sana. Awamu yangu ya tatu dozi ya misuli ya mbele iliongezwa, na kwa siku kumi na mbili nilikula uji na mtindi tu, kwa kuwa kila tonge kavu lilinipalia. Niliambiwa kwamba sumu ilisambaa kidogo hadi kwenye misuli ya kumeza, na kwamba wenye shingo nyembamba hupatwa zaidi. Mtu akiona hata mate hayamezeki au pumzi inakuwa fupi, asisubiri asubuhi, aende hospitali saa hiyohiyo.

#27. Shangazi_Wete (Pemba)

Marahaba, mwanangu. Nimekuelewa, na nitamwendea yule wa tatu, maana yu hai.

#28. MswahiliLeicester (Uingereza)

MwanaPangani, kabla hamjalipia awamu ya tano, kuna jaribio dogo ambalo daktari anaweza kulifanya kwa uniti chache. Anachoma kiasi kidogo kwenye paji la uso, upande mmoja tu. Baada ya wiki mbili unamwambia mgonjwa ainue nyusi kama mtu aliyeshangaa. Upande uliochomwa ukibaki laini na mwingine ukajikunja, mwili wake bado unaitikia sumu ya aina A na hoja yangu ya kingamwili inaanguka. Pande zote zikijikunja sawasawa, ujue kingamwili ziko kazini.

#29. MfamasiaMoro (Morogoro)

Au kichupa ni kibovu. Jaribio hilo lina maana pale tu dawa inapotoka kwenye jokofu lenye kipimajoto.

#30. MwanaPangani (Tanga), wiki nane baadaye

Salaam tena, na shukrani kwa kila aliyeandika. Naleta mrejesho.

Vidonge vya tumbo viliachwa kwa ushauri wa daktari siku tatu baada ya andiko la NahodhaMaskati. Baada ya wiki mbili mtetemo ulipungua kidogo, ila mgeuko ulibaki. Kisanduku hatukukipata, kilitupwa. Tulirudi kwa daktari wa kwanza Dar es Salaam tukiwa na kadi, tarehe, na orodha ya hoja zenu niliyoiandika kwenye daftari la shule la mama. Aliisoma yote mpaka mwisho. Alifanya jaribio la paji la uso kwa dawa kutoka kwenye jokofu la hospitali, na baada ya wiki mbili nyusi ya kulia ilibaki tuli wakati ya kushoto ilipanda. Mama alijitazama kwenye kioo akacheka, na sikuwa nimemsikia akicheka tangu kabla ya ile harusi.

Kisha, wiki 13 tangu awamu ya nne, akamchoma awamu ya tano: Dysport, uniti 500, kwa ile mashine ya sauti, msuli wa mbele wa kulia na wa nyuma wa kushoto, na akaongeza mwingine mdogo unaoinua bega, kwa sababu ameona kichwa kimeanza pia kulala kidogo. Leo ni siku ya tisa. Jana alfajiri mama alitoa salamu ya kulia bila kushika kidevu, ingawa hakufika mbali kama zamani.

#31. FiziaArusha (Arusha)

Alhamdulillahi. Naona msuli wa nyuma wa kushoto umerudishwa kwenye orodha.

#32. MfamasiaMoro (Morogoro)

Na dawa imetoka kwenye jokofu.

#33. NahodhaMaskati (Oman)

Na vidonge vimeachwa kwa zaidi ya wiki saba. Hayo matatu mmeyafanya kwa pamoja, hivyo hatutajua lipi limemgeuza.

#34. MswahiliLeicester (Uingereza)

Hoja yangu ya kingamwili imeanguka kwa sasa, nakiri. Lakini ya sita isifanywe kabla ya wiki 12, hata kama kuna harusi nyingine.

#35. MwanaPangani (Tanga)

Nimeiandika tarehe kwenye daftari, na mama ameizungushia duara kwa kalamu nyekundu.